Kabla Hujawasha Mashine ya Msasa

Nyumbani kwangu kuna kiti kisichotoka mahali pake. Kimesimama karibu na mlango wa jikoni, na kazi yake ni kufunika bonde la urefu wa kiganja ambalo nililichimba mwenyewe kwenye sakafu ya mbao, Jumamosi moja asubuhi, katika dakika ya kwanza ya kazi, kwa mashine ya kukodi. Kina chake kilikuwa milimita mbili na zaidi. Wageni hudhani kiti kimewekwa pale ili mtu akae anapovua viatu, nami siwasahihishi.

Mambo yalianza kwa maji. Mbao za jikoni zilikuwa zimejikunja. Kila ubao umebonyea katikati, kingo zake mbili zimeinuka, na ukipita peku unahisi umekanyaga bati la migongo. Chanzo hakikuwa siri: bomba chini ya sinki lilikuwa likivuja tone kwa tone, kwa muda ambao Mungu ndiye aujuaye. Nikalitengeneza bomba, nikafuta maji, nikafungua madirisha, nikahesabu siku kumi. Sakafu ikaonekana kavu. Nikaigusa kwa kiganja, kavu. Nikaenda kukodi mashine.

Jioni ya Jumapili sakafu ilikuwa imenyooka kama meza, ukiacha lile bonde. Nikapaka vanishi matabaka matatu, nikapiga picha, nikawatumia ndugu. Pongezi zikaja. Miezi minne baadaye majira yakabadilika, hewa ikakauka, na mbao zangu zikageuka. Safari hii katikati ya kila ubao ndiko kulikoinuka, na kingo ndizo zilizoshuka. Sakafu nzima ya jikoni ilikuwa migongo ya samaki waliopangwa.

Ndipo nikamwita fundi. Alikuja na rula ya chuma ya mita moja, akailaza juu ya sakafu, akaibonyeza upande mmoja kwa kidole. Ikayumba kama pembea.

“Bosi, msasa ulipigwa lini hapa?”

Nikamwambia.

“Na unyevu ulipimwa?”

“Ilikuwa kavu, fundi. Niliigusa.”

Akautazama mkono wangu kwa makini, kama anayetafuta mahali sindano za kipima unyevu zilipo.

Kosa langu linaelezeka kwa maneno machache, na laiti mtu angenieleza mapema. Mti ukiwa hai ni mabomba yanayopandisha maji. Ukikatwa, ukapasuliwa, ukakaushwa na kugeuzwa ubao, kazi ya kupandisha maji hukoma, lakini kuta za yale mabomba huendelea kuvuta unyevu kutoka hewani na kuurudisha. Haziachi hata baada ya miaka mia. Hewa ya chumba ikiwa na unyevu wa asilimia 50 hivi, kwa joto la kawaida la ndani, ubao hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ikilowa, ubao hupanda; ikikauka, hushuka. Na kila ukipanda hutanuka, kila ukishuka husinyaa, ila si kwa urefu. Kwa urefu wake ubao karibu haubadiliki kabisa. Mabadiliko yote yako kwenye upana. Ubao wa mwaloni wenye upana wa milimita 100 ukitoka asilimia 8 kwenda 12 huongezeka zaidi ya milimita moja. Hesabu mbao arobaini zilizopangana ukutani hadi ukutani, utaelewa kwa nini mafundi huacha mwanya kandokando ya chumba na kuuficha chini ya kipande cha mbao cha ukutani. Mwanya ule si uzembe. Ukiujaza, siku ya unyevu sakafu itatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni juu.

Sasa rudi jikoni kwangu. Maji ya bomba yalikuwa chini ya mbao. Upande wa chini ukalowa na kutanuka, upande wa juu uliofunikwa na vanishi ukabaki vilevile. Chini kumepanuka, juu hakujapanuka, kwa hiyo kingo zikainuka. Mimi nilizikuta zimeinuka nikazikata kwa msasa hadi zikalingana na katikati. Uso ulikuwa mkavu kweli, lakini tumbo la ubao lilikuwa bado limejaa maji. Lilipokauka polepole, ubao ukarudi kwenye umbo lake la asili, isipokuwa kingo zilikuwa hazipo tena. Nilikuwa nimezibeba kwenye mfuko wa vumbi.

“Ungesubiri,” fundi alisema, “nyingi zingeshuka zenyewe.”

Kusubiri kiasi gani? Hakuna tarehe, kuna kipimo. Kipima unyevu cha mbao ni kifaa kidogo chenye sindano mbili. Unazichomeka kwenye ubao, kinasoma. Fundi alinifundisha kisomeke wapi: kwanza kwenye mbao za chumba ambacho hakijawahi kulowa, ndani ya nyumba ileile, kisha kwenye mbao zenye matatizo, sehemu kadhaa. Namba zikikaribiana na zikabaki hivyo kwa wiki kadhaa, hapo ndipo unaruhusiwa kufikiria msasa. Ikiwa unaweza kufika chini ya sakafu, pima na mbao zilizo chini yake. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Mara nyingi ukisubiri hivyo, ule mkunjo uliokufanya ukodi mashine unakuwa umeshapungua kiasi kwamba huhitaji mashine tena.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza afanye nini na sakafu yake ya mbao, namuuliza maji yako wapi. Wengi hukasirika. Walitaka jina la vanishi.

Jambo la pili nililolijua kwa kuchelewa ni kwamba ubao una akiba, na akiba ile haijazwi. Ubao wa sakafu una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ulimi wa huyu huingia kwenye mfereji wa jirani yake, na misumari hufichwa humo. Ubao mzima unaweza kuwa na unene wa milimita 20, lakini unene unaoweza kuupiga msasa ni ule ulio juu ya ulimi tu, milimita 6 au 7 hivi. Ukifika kwenye ulimi, sakafu imekwisha, vichwa vya misumari vitakutazama. Kupiga msasa hadi mti mtupu hula nusu milimita, au milimita nzima kama mkono ni mzito kama wangu. Kwa sakafu za tabaka, zile ambazo juu ni mti halisi na chini ni mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, tabaka la juu linaweza kuwa milimita 4, na nyingine halifiki hata 2. Hiyo ya mwisho haifai mashine kabisa. Kabla ya lolote, tafuta mahali ambapo ubao unaonekana ubavu wake, kama pale bomba linapopita au chini ya kizingiti, ukapime kilichobaki.

Kwa hiyo kazi yenye faida kuliko zote kwenye sakafu ya mbao ni ile isiyogusa mbao. Vanishi ndiyo inayoliwa na viatu, mchanga na viti. Ikiwahiwa kabla haijatoboka, unakwangua uso wake tu kwa msasa laini, namba 120 au 150, hadi mng'ao upotee kote, unafuta vumbi, unapaka tabaka jipya juu ya la zamani. Ni kazi ya siku moja. Ubao haupungui hata chembe. Tatizo ni kwamba inatakiwa ifanywe wakati sakafu bado inapendeza, na nani anataka kuhamisha makabati kwa ajili ya sakafu inayopendeza?

Kujua kama wakati umefika au umepita, dondosha maji kidogo mahali watu wanapopita sana. Yakikaa juu kama shanga, vanishi ipo. Yakitulia kidogo kisha yakaanza kuzama na ubao ukawa mweusi chini yake ndani ya dakika chache, umechelewa, mti uko uchi pale. Lakini kuna mtego mwingine ulionigharimu wikiendi nyingine: nta. Tabaka jipya la vanishi halishiki juu ya nta. Linajikusanya matone au linabanduka magamba baada ya wiki. Lowesha kitambaa cheupe kwa tapentaini, sugua kwenye kona ya chumba. Kikitoka na utandu wa kahawia au njano unaoteleza, kuna nta, na itolewe yote kwanza. Ukitumia spiriti badala ya tapentaini na uso ukawa unanata, hiyo ni shelaki, ile inayotokana na utomvu wa wadudu. Sakafu za zamani nyingi zilipakwa hiyo.

Na kama nyumba ni ya zamani kweli, au kuna rangi ya zamani juu ya mbao, au gundi nyeusi ya vigae vilivyobanduliwa, simama. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vigae na gundi za zamani huweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Pata kipimo kwanza. Ukizigeuza vumbi hazirudi tena kwenye kopo.

Basi tuseme umepima, umesubiri, akiba ipo, na mti uko uchi kweli. Mashine inaingia. Ile kubwa yenye ngoma inayozunguka ndiyo iliyochimba bonde langu, na inachimba kwa njia moja tu: ngoma ikigusa sakafu huku mashine imesimama. Unaanza kutembea, ndipo unashusha ngoma. Unapofika mwisho, unainua ngoma kabla hujasimama. Mwendo ni wa kusindikiza maiti, hauongezwi wala haukatizwi. Fuata uelekeo wa nyuzi za mbao, na kila mpito ufunike nusu ya mpito uliotangulia. Kabla ya hapo pita ukitafuta misumari iliyochomoza, uizamishe kwa nyundo na chuma chembamba hadi iwe milimita 3 chini ya uso. Msumari mmoja hupasua karatasi nzima ya msasa, na hukupasua moyo pia.

Namba za msasa zina mantiki ambayo watu huidharau. Namba ndogo ni chembe kubwa. Unaanza na 40 au 36 kuondoa vanishi na kusawazisha, kisha 60, kisha 80, unamaliza 100 au 120. Kazi ya kila namba ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Mtu anayeruka kutoka 40 kwenda 100 anadhani ameokoa saa mbili. Mikwaruzo ya 40 bado ipo, imelala tu chini ya mng'ao, na itaamka siku ya vanishi. Mimi huchora sakafu kwa penseli kabla ya kila namba, michoro ya kitoto ukuta hadi ukuta. Penseli ikifutika yote, namba imefanya kazi yake. Kati ya namba na namba nasafisha vumbi kwa mashine ya kufyonza, maana chembe moja ya namba 40 iliyobaki chini ya karatasi ya 100 inachora duara zima la uharibifu. Na usiku nazima taa zote, nalaza tochi sakafuni, natazama mwanga ukipita juu ya mbao. Mchana huficha. Tochi iliyolala chini haifichi kitu.

Usiende mbali zaidi ya 120 kwa kufurahia ulaini. Ubao ukisuguliwa sana hung'aa na kujifunga, na mafuta au rangi haiingii vizuri.

Kona na chini ya radieta au makabati, mashine haifiki. Pale ni kikwangulio cha mkono na magoti. Sina la kuongeza juu ya magoti.

Vumbi lenyewe si mzaha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa nzuri, madirisha wazi, mlango wa vyumba vingine umezibwa. Lile vumbi jembamba likiwa limetanda hewani pia hulipuka, kwa hiyo moto wa jiko na wa hita ya gesi uzimwe. Mfuko wa vumbi umwagwe nje ya nyumba kila unapopumzika, usilale nao ndani. Vumbi lenye vanishi, likiwa bado na joto la mashine, linaweza kujipasha lenyewe hadi likashika moto usiku.

Kuhusu kujipasha moto, nina hadithi fupi na nyingine ndefu. Fupi ni yangu. Nilipaka chumba kimoja mafuta ya kitani, nikakunja matambara niliyotumia nikayarusha kwenye ndoo ya plastiki, nikaenda kula. Niliporudi kuyachukua yalikuwa na joto, joto la chapati iliyotoka kufunikwa. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hayaendi hewani, yanavuta oksijeni na kugeuka kuwa kigumu, na mabadiliko hayo hutoa joto. Kwenye sakafu joto hutawanyika. Ndani ya tambara lililokunjwa halina pa kutokea. Hadithi ndefu ni ya Philadelphia, Marekani, Februari 23, 1991, jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38. Matambara ya mafuta ya kitani yaliyoachwa ghorofa ya 22, ambako mafundi walikuwa wakitengeneza upya mbao za ukutani, yaliwaka yenyewe. Moto ule ulipanda ghorofa baada ya ghorofa hadi ulipokutana na vinyunyizio vya maji ghorofa ya 30. Wazimamoto 3 walikufa. Siku hizi matambara yangu yanaanikwa nje, moja moja, yametandazwa, hadi yakakamae kama ngozi kavu, au yanazamishwa kwenye kopo la chuma lenye maji na kufunikwa.

Upande wa kupaka, watu hugombana kama washabiki wa mpira, nami nina timu yangu. Jikoni na ukumbini napaka vanishi ya poliyurethani, ya maji. Inakauka kwa saa chache, haigeuzi mti kuwa wa njano, harufu yake inavumilika. Ile ya mafuta hukauka polepole, usiku kucha kwa tabaka moja, na huupa mti rangi ya asali inayozidi kukolea kadiri miaka inavyokwenda. Kwenye mwaloni inapendeza, kwenye msonobari mimi naona inachosha macho. Vanishi zote hizi ni ngozi juu ya mti. Zinalinda sana, ila ngozi ikichanika huwezi kuweka kiraka kisichoonekana.

Vyumbani napaka mafuta yaliyochanganywa na nta ngumu. Haya huingia ndani ya mti badala ya kukaa juu. Hayazuii maji kama vanishi, na yanadai kupakwa tena mara kwa mara. Lakini mtoto akiburuta kitanda, nakwangua pale pale palipochubuka, ukubwa wa sahani, napaka, nafuta ziada, na kesho yake huoni kitu. Kwangu mimi uwezo huo wa kutengeneza kipande tu bila kugusa chumba kizima ni mkubwa kuliko ugumu wowote. Mafuta haya yana sharti moja: ziada ifutwe yote. Kinachobaki juu hunata kwa siku nyingi na kukusanya kila nywele ya nyumba.

Vyovyote utakavyopaka, kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Vanishi iliyokauka inakubali soksi kesho. Iliyokomaa inakubali zulia, na hiyo ni wiki mbili hadi nne. Ukitandika mapema, unaifungia pumzi na zulia linaacha chapa yake.

Si kila tatizo la sakafu linahitaji haya yote. Mbao zinazolia ukizikanyaga, kwa mfano, hazina ugonjwa wa uso. Ubao umelegea unapanda na kushuka kwenye msumari, au unasuguana na jirani. Mwenzako atembee huku wewe umelala chini unasikiliza. Kama unafika chini ya sakafu, tafuta nafasi kati ya boriti na mbao, chomeka kabari nyembamba iliyopakwa gundi. Isukume hadi ikae tu. Ukiigonga kwa nyundo kwa hasira utauinua ubao na kuanzisha mlio mwingine. Kama hufiki chini, skrubu nyembamba mbili zilizoingizwa kwa mshazari hadi kwenye boriti, baada ya kutoboa kwanza ili ubao usipasuke. Na kama ni msuguano tu, poda ya mtoto ikifagiliwa ndani ya mshono hunyamazisha kwa muda. Mimi nina ubao mmoja wa ukumbini nimeuacha ulie. Unanipa taarifa nani anaingia usiku.

Kitu kizito kikianguka kikaacha shimo, tazama kama nyuzi zimekatika au zimeminywa tu. Zilizominywa zinarudi: kwangua vanishi pale, weka kitambaa chenye maji, gusisha pasi ya moto sekunde chache, inua, tazama, rudia. Mvuke unaingia kwenye nyuzi na kuzivimbisha. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niliita watu waje waone.

Madoa nayo husomeka kwa rangi. Doa jeupe liko kwenye vanishi au nta, halijafika kwenye mti. Mara nyingi msuguo mwepesi unalimaliza. Doa jeusi liko ndani ya mti. Kwenye miti yenye tanini nyingi (kemikali ya asili ya mti) kama mwaloni, chuma na maji vikikutana juu yake hutengeneza wino halisi, ndiyo maana chini ya chungu cha maua au kuzunguka msumari hutokea duara jeusi. Dawa ya kufulia yenye klorini haiwezi wino huu. Asidi oksaliki inauweza, ikipakwa juu ya mti uliokwanguliwa, ikaachwa, ikasuuzwa vizuri. Ni sumu, hivyo glavu, miwani, na isichanganywe na kitu kingine chochote. Mkojo wa mbwa au paka ulioingia miaka mingi unaweza kuishinda hata hiyo, na hapo ubao hutolewa. Kuutoa ubao mmoja katikati ya sakafu ni kazi ya subira: unatoboa matundu mstari mmoja, unaupasua kwa patasi kutoka katikati kwenda kingo bila kugusa majirani, na ubao mpya unakatwa mdomo wa chini wa mfereji wake ili uweze kushuka kutoka juu. Uache ubao huo mpya ndani ya chumba hichohicho siku kadhaa kabla ya kuupachika. Nao una maji yake ya kupatanisha na hewa yako.

Nyufa kati ya mbao ndizo zinazowatia watu wazimu zaidi, na ndizo ambazo ningependa waziache. Majira ya ukavu zinafunguka, majira ya unyevu zinajifunga. Ukizijaza puti ngumu wakati zimefunguka, mbao zikitanuka zitaiponda puti na kuitema, au zitasukumana zenyewe kwa zenyewe. Nyufa zinazobaki wazi mwaka mzima, upana wa milimita nyingi, hizo zijazwe kijiti chembamba cha mti uleule, kilichopakwa gundi upande mmoja tu ili upande wa pili uendelee kucheza.

Utunzaji wa kila siku ni jambo dogo mno kwa makala, kwa hiyo nitalipita mbio. Adui ni mchanga. Zulia la kufutia miguu mlangoni linafanya kazi kuliko sabuni yoyote. Fagio laini. Tambara lililokamuliwa hadi alama yake sakafuni ikauke ndani ya dakika moja. Mopu ya mvuke, hapana, hata kama kibandiko chake kina picha ya sakafu ya mbao: inasukuma maji moto kwenye mishono, mahali ambapo ubao hauna vanishi. Siki pia hapana, asidi yake huufifisha mng'ao kidogo kidogo. Mazulia yenye mpira chini huacha rangi. Na kila mguu wa kiti uwe na feliti, kile kipande cha kitambaa kinene, chini yake, ikaguliwe, kwa sababu feliti iliyokusanya mchanga ni msasa uliobandikwa kwenye kiti chako mwenyewe.

Fundi alirudi jikoni kwangu baada ya karibu mwaka. Alipima wiki kadhaa mfululizo, akapiga msasa mara moja tu, mwepesi, kiasi cha kushusha ile migongo. Nilimwomba aondoe na bonde pia. Akapiga magoti karibu na bomba la sinki, pale ubao unapoonyesha ubavu wake, akaweka rula, akaniita nije nisome mwenyewe. Juu ya ulimi zilikuwa zimebaki milimita 4.

“Bonde limebaki milimita moja na ushee,” alisema. “Nikilifuata, jikoni nzima ishuke kulifikia. Unataka?”

Nikamwambia hapana. Akalifuta vumbi kwa kiganja, akapaka vanishi juu yake kama alivyopaka pengine pote.

Wiki iliyopita nimebadilisha feliti za kile kiti, zote nne.